Yaa Bunayya: Ewe Mwanangu Mdogo

Nilipokuwa likizoni nyumbani Tanzania, nikitokea ng'ambo ninakofundisha katika chuo cha dini, baba mmoja katika ndugu zetu wa Jumuiya alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 14. "Sheikh," alisema, "nakuomba umkanye kijana huyu. Darasa la saba alikuwa wa kwanza katika shule yake. Sasa yuko Kidato cha Kwanza, hataki kwenda shule, hataki kula na wenzake, na hata sala ya Alfajiri haamki. Amekuwa mvivu na mwenye kiburi."

Basi nilimkanya. Nilimketisha mbele yangu msikitini nikamweleza wasia wa Luqman, namna mzee yule mwenye hekima alivyomwamuru mwanawe asimamishe sala na avumilie yatakayompata. Nilisema kwa muda wa robo saa. Kijana alitazama mkeka. Nilipomaliza alisema, "Ahsante, Sheikh," akaondoka nyuma ya baba yake, nami nikaona nimetimiza wajibu wangu.

Siku ya tatu bibi yake alinikuta njiani, akaniambia jambo ambalo sikumwuliza. Alisema kwamba mjukuu wake halali usiku. Huamka saa nane akakaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba mpaka kukaribia Alfajiri, ndipo usingizi humchukua. Na usiku mmoja alipomfuata kumpa shuka, mtoto alimwambia, "Bibi, mimi heri nisingezaliwa."

Ndugu wasomaji, usiku ule nilifungua tena Sura Luqman, nikaona kosa langu. Luqman alimwita mwanawe mara tatu, na kila mara kwa neno moja, yaa bunayya. Neno hili si "ewe mwanangu" tupu. Ni neno la kubembeleza lenye maana ya mwanangu mdogo, mwanangu mpenzi. Katika wito wa kwanza alimtenga na ushirikina. Katika wito wa pili alimfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hulijua jambo hata likiwa dogo mfano wa punje ya haradali iliyofichika ndani ya mwamba, naye hulileta. Amri ya sala na ya kuvumilia imekuja katika wito wa tatu. Yaani mtoto alikwisha ambiwa kwanza kwamba yuko Mmoja aijuaye hata punje iliyofichwa mwambani. Mimi nilianzia wito wa tatu, na hata neno lenyewe la upendo nililiacha. Nilimpa kijana yule amri bila ya kumwambia kwamba kile kilichofichika kifuani mwake chaonekana.

Neno hili yaa bunayya limekuja katika Kurani Tukufu mara sita tu. Mara tatu ni la Luqman. Mara moja ni la Nabii Nuhu a.s. akimwita mwanawe apande safinani huku mawimbi yakipanda kama milima. Na mwana yule alikataa, wala baba hakumbadilishia jina. Mara moja ni la Nabii Yakubu a.s., na mara moja ni la Nabii Ibrahimu a.s. Hao wawili wa mwisho nataka tukae nao kidogo, maana kwao kuna mafunzo makubwa kwa mzazi mwenye mtoto wa umri huu wa kati, ambaye si mtoto tena wala hajawa mtu mzima.

Yusufu alipoota ndoto yake ya nyota kumi na moja, jua na mwezi, alimwendea baba yake akamsimulia. Jambo la kwanza la kutazamwa ni kwamba alimwendea. Je, watoto wetu hutuendea? Mtoto wa miaka 13 huzungumza na rafiki, na siku hizi huzungumza na simu, na pengine na mtu asiyemjua aliye mji mwingine, lakini kwa baba yake hana neno ila la kuomba ada na nauli. Yusufu alimwendea baba yake kwa kuwa alijua hatachekwa. Na Yakubu a.s. hakusema, "Wewe mdogo wa nyumba unaota kutawala?" Alimwita mwanangu mdogo, akaipokea ndoto, kisha akamwonya asiwasimulie nduguze wasije wakamfanyia hila. Basi siri ya mtoto ilibaki kwa baba. Wangapi kwetu huambiwa neno na mtoto asubuhi, na jioni likawa kichekesho mbele ya mashangazi na majirani? Mtoto akifanyiwa hivyo mara moja hufunga mlango, na mlango wa umri ule ukifungwa ni mgumu kufunguka.

Ama Nabii Ibrahimu a.s., yeye alikuwa na ndoto iliyomhusu mtoto mwenyewe, na ndoto ya Nabii si jambo la mzaha. Hata hivyo hakumshika mkono kijana akampeleka. Alimwita kwa neno lile lile la upendo, akamweleza aliyoyaona, akamwuliza yeye anaonaje. Zingatieni, enyi wazazi! Mtume wa Mungu, mwenye ishara kutoka kwa Mola wake, amwuliza mtoto rai yake juu ya maisha ya mtoto huyo. Nasi tusio na ufunuo wowote, wenye makisio tu na pengine tamaa ya kusifiwa, tunaamua kwamba huyu atakuwa daktari na yule mhandisi, naye mtoto husikia habari hiyo tunapowaambia wageni.

Jambo hili la kumwuliza mtoto limekuwa zito zaidi katika miaka hii, kwa sababu nchi zetu zimebadili mpango wa elimu, na mtoto hutakiwa kuchagua njia mapema. Katika Kenya ule mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto hupita Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, na wa kwanza waliomaliza Gredi ya 9 walifanya mtihani wao mwaka 2025, wakaingia Gredi ya 10 mwaka 2026 katika mojawapo ya njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, au ya sanaa na michezo. Katika Tanzania mitaala mipya ilianza Januari 2024, na sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi hujifunza kazi ya mikono pamoja na masomo. Mtoto wa miaka 14 au 15 anaulizwa na serikali, "Unataka njia gani?" Ni aibu kubwa ikiwa serikali ndiyo ya kwanza kumwuliza.

Wala asifikiri mtu kwamba sisi tulio watumishi wa dini tumesalimika. Katika chuo ninakofundisha huja vijana wanaotaka kuyatoa maisha yao kwa ajili ya dini. Wengi wao wamekuja kwa furaha ya nafsi zao. Lakini nimekutana pia na kijana aliyekuja kwa sababu baba yake alikwisha tangaza, naye hakuwa na ujasiri wa kusema kwamba moyo wake uko kwenye kilimo. Alilia mbele yangu, naye ana miaka 19. Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifatul Masih wa Nne r.h., alipouanzisha mpango wa Waqf-e-Nau tarehe 3 Aprili 1987, aliwaita wazazi wawatoe watoto wao kabla hawajazaliwa, kwa mfano wa mama yake Mariamu. Hata hivyo mtoto huyo aliyetolewa kabla ya kuzaliwa anapotimiza miaka 15 hutakiwa afanye upya ahadi hiyo kwa hiari yake mwenyewe. Ikiwa katika kazi ya Mungu mtoto haingizwi bila ya kuulizwa, itakuwaje katika udaktari?

Nirudi kwa kijana yule. Nilikwenda kwao. Safari hii sikwenda na wasia, nilikwenda na mihogo ya kuchoma, tukakaa kwenye ngazi zile zile za nyuma. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Nilipomwuliza alikuwa anapenda somo gani darasa la saba, alisema hisabati na sayansi. "Na sasa?" Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa sijui swali linauliza nini."

Hapo ndipo nilipofahamu. Mtoto huyu alisoma miaka saba kwa Kiswahili. Siku moja akavaa sare mpya, na karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Hesabu anayoijua haijui tena, kwa sababu imevaa nguo nyingine. Siku moja alisimama kujibu, akachanganya maneno, darasa likacheka na mwalimu akacheka pamoja nao. Tangu siku ile hakuinua mkono. Mtu aliyekuwa wa kwanza akawa bubu, na nyumbani baba anasema amekuwa mvivu. Wasomaji wenye watoto katika Kidato cha Kwanza wanajua kwamba huyu si mmoja.

Shirika la Afya Duniani linatufahamisha kwamba kijana mmoja katika kila saba, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, ana ugonjwa wa akili. Na utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2021, uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba katika watu wanaopatwa na magonjwa haya, theluthi moja huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Yaani huanza kwa wingi katika umri huu huu wa sare mpya na mitihani. Hatusemi kila huzuni ni ugonjwa. La hasha! Mtoto hununa, hukasirika, hubadilika sauti na tabia, na hayo ni ya umri. Lakini huzuni ikikaa majuma mawili na zaidi, usingizi ukapotea au ukazidi, chakula kikakataliwa, mchezo alioupenda ukaachwa, kichwa na tumbo vikauma kila asubuhi ya shule na daktari asione kitu, au mtoto akatamka neno kama alilotamka kijana huyu kwa bibi yake, hapo si suala la uvivu. Madaktari wanaiita hali hiyo sonona, nayo ina matibabu.

Najua jibu ambalo wengine watalitoa: mwenye imani hahuzuniki hivyo. Ndugu zangu, Yakubu a.s. alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na wanawe wakamlaumu kama tunavyowalaumu wenzetu leo, naye alikuwa Nabii. Mtume wetu Mtukufu s.a.w. alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Na yuko Bibi Mariamu, mwanamke aliyesifiwa na Mungu kwa usafi na ukweli wake. Uchungu ulipomshika peke yake chini ya mtende, alitamani angalikuwa amekufa kabla ya hayo na kusahaulika kabisa. Nawaomba wasomaji watazame alijibiwaje. Hakukemewa kwamba amekosa imani. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji yanayopita chini yake, akaambiwa atikise shina la mtende, ale tende mbivu na anywe, na akaruhusiwa siku ile asiongee na mtu. Maji, chakula, faraja, na kuondolewa mzigo wa kujieleza kwa watu. Hii ndiyo dawa ya kwanza aliyoiteremsha Mwenyezi Mungu kwa nafsi iliyotamani mauti, na katika hiyo hakuna hata neno moja la lawama.

Basi mtoto akitamka maneno hayo, asikemewe wala asipuuzwe. Aulizwe waziwazi, kwa upole, kama amefikiri kujidhuru. Swali hilo halimtii wazo baya, kama wengi wanavyoogopa; humpunguzia upweke. Asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu na vidonge viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali. Zipo hospitali zenye wataalamu wa akili, kama Muhimbili na Mirembe katika Tanzania, na Mathari katika Kenya, na hospitali nyingi za mikoa zaweza kumwelekeza mzazi. Ipo pia simu namba 116 ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo katika Tanzania na katika Kenya, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Hapa sina budi kusema neno ambalo huenda likawachoma baadhi yetu. Sisi Waislamu Waahmadiyya hatuamini kwamba kuna majini yanayowapanda watu vichwani. Tumelisema jambo hilo katika mikutano, tumeliandika katika vitabu, tumebishana nalo na masheikh. Lakini mtoto wa nyumbani anyamazapo na kukaa gizani, wapo miongoni mwetu wanaokwenda kwa mganga usiku, na wakirudi wana hirizi na mtoto amefukizwa ubani mpaka akakohoa. Mabedui walipomwuliza Mtume s.a.w. kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawafahamisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Hakuutoa ugonjwa wa akili katika hukumu hiyo.

Na fimbo? Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alichukizwa sana na kuwapiga watoto. Alifundisha kwamba mwenye kumpiga mtoto kwa hasira ni kama anayetaka kujifanya mshirika wa Mungu katika kazi ya ulezi, na akatamani kwamba bidii ile ambayo wazazi huitumia katika kuadhibu wangeitumia katika kuwaombea watoto wao dua. Naye Hadhrat Anas r.a., aliyeanza kumtumikia Mtume s.a.w. akiwa mtoto wa miaka kama kumi, alishuhudia kwamba katika miaka kumi ya utumishi wake hakuambiwa hata "ah!", wala hakuulizwa kwa lawama kwa nini alifanya hili au aliacha lile. Miaka kumi hiyo ilianzia utotoni ikapita katika ujana wote, umri ule ule ambao sisi tunasema hauwezekani bila ya kiboko.

Katika kupanga maisha ya mbele ya watoto, sijaona mfano mzuri zaidi ya ule wa Zaid bin Thabit r.a. Alikuwa yatima, baba yake aliuawa katika vita vya Buath kabla ya Hijra. Mtume s.a.w. alipofika Madina, Zaid alikuwa na miaka 11, na jamaa zake walimpeleka kwake wakasema kwamba kijana huyu amekwisha hifadhi sura kadhaa za Kurani. Mtume akamsikiliza akisoma, akapendezwa, na akamwagiza ajifunze maandishi ya Wayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi. Ilipofika safari ya Badr, Zaid alitamani kwenda vitani pamoja na watu wazima, akarudishwa kwa sababu ya udogo wake. Tunaweza kukisia alivyoumia, kwani ujana haujui aibu kubwa kuliko kuambiwa "wewe bado." Lakini aliyemrudisha alikuwa ni yule yule aliyekwisha kaa akamsikiliza na kujua kipaji chake kiko wapi. Zaid akawa mwandishi wa wahyi. Hadhrat Abu Bakr r.a. alimkabidhi kazi ya kuikusanya Kurani, na Hadhrat Uthman r.a. akamkabidhi kazi ya kunakili misahafu. Kama angalisukumwa katika njia ya upanga kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa ikisifiwa siku zile, ni nani angalikaa kuandika?

Nasi tunapenda kuwatajia watoto wetu Dkt. Abdus Salam, Mwahmadiyya aliyepata alama za juu kuliko wote katika mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha Punjab akiwa na miaka 14, na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Ni haki kumtaja. Lakini nimeanza kuona kwamba tunamtaja vibaya. Tunampiga naye mtoto kama fimbo: "Mwenzako kwa umri wako alikuwa..." Mtoto anayeshindwa kuelewa swali la hesabu kwa Kiingereza hapati nguvu katika maneno hayo, anapata sababu nyingine ya kukaa kwenye ngazi usiku. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza shule na watahiniwa walioongoza. Sisi tungali tunawatangaza sebuleni.

Kuna mambo madogo ambayo hayahitaji fedha. Mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi, na mwili wake, kwa mabadiliko ya kubalehe, huchelewa kupata usingizi. Mtume s.a.w. hakupenda mazungumzo baada ya sala ya Isha. Kaya ambayo simu zake zote, pamoja na ya baba, huwekwa mahali pamoja baada ya Isha, hiyo imefuata sunna na imemtibu mtoto wake. Na viongozi wa Atfal na Nasirat, wanaowalea watoto wa miaka 7 hadi 15, wasihesabu tu nani amehifadhi na nani hakuhifadhi. Wawepo wawili au watatu ambao mtoto anaweza kuwaendea bila habari kufika kwa baba kabla ya Magharibi. Mafundi wa Jumuiya, wauguzi, wakulima na walimu waitwe msikitini Jumapili moja, watoto wawaulize maswali. Wengi hawajui kuna kazi gani duniani ila zile tatu wanazozitaja wazazi.

Kijana yule alipelekwa hospitali ya mkoa, na mama yake ndiye aliyempeleka. Mwalimu mstaafu wa Jumuiya humfundisha Kiingereza mara tatu kwa juma kwa kutumia kitabu cha hisabati cha darasa la tano, kwa kuwa hesabu zake anazijua na hivyo hana hofu nazo. Amerudi shuleni, ingawa si kila siku. Aliponipigia simu mwezi uliopita aliniambia kwamba anataka kusoma ufundi wa majokofu katika mkondo wa amali. Baba yake hakufurahi. Nimemwandikia nikimwuliza jambo moja tu, kama amemwuliza mwanawe kwa nini majokofu. Amenijibu kwamba atazungumza naye. Nawaomba wasomaji wawakumbuke wote wawili katika dua zao.